Mume Yuko Wapi Katika Kesi Hii?

Mume anaoga. Simu yake iko mezani, inaita, mke anaichukua, anasoma meseji, macho yanamtoka. Aliyezoea filamu za Bongo anajua kitakachofuata hata umeme ukikatika hapo hapo. Mke atamsaka mwenye namba ile mpaka amkute saluni, watashikana mawigi, watatoleana maneno ya nguoni mbele ya wateja. Shoga wa mke atatoa ushauri mbaya. Mama mkwe atachochea. Kutakuwa na mganga, kutakuwa na gari limeegeshwa mbele ya jumba la kifahari, na mwishoni mmoja wa wanawake wale wawili atakufa, au atapata wazimu, au ataokoka. Mume atarudi sebuleni, ataomba radhi kwa sentensi moja, muziki utapanda, majina yatapita.

Naipenda sinema yetu, na sisemi haya kuibeza. Ugomvi ndio uhai wa maigizo. Ukiutoa unabaki na hotuba. Kinachoniuma ni jinsi kesi inavyopangwa. Mwanamke mmoja ni mlalamikaji, mwingine ni mshtakiwa, na mwanamume, ambaye ndiye aliyeahidi, akadanganya, akatumia fedha za nyumba, ameketi kama msikilizaji. Wakati mwingine anapewa hata kiti cha hakimu, maana yeye ndiye atakayeamua abaki na nani.

Kwa hiyo sina haja ya kuuliza kama wanawake wapo jukwaani. Wapo, tena ndio walioibeba burudani ya Kiswahili kwa miaka mia sasa: wanaimba, wanaigiza, wanajaza kumbi. Nauliza wakishapanda jukwaani wanamshtaki nani. Nikifuata historia naona jibu halijawa moja siku zote. Limebadilika, na mara nyingi limebadilika pale jukwaa lilipopata mwenyewe mwingine.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya utumwa, akatembeza vyungu kabla hajajulikana kwa sauti. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Waliomwonea choyo walimtungia beti za kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki mbili, na kwamba bila ile sauti asingekuwa na cha kula. Akawajibu kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Kisa hicho kinasimuliwa sana, nadhani kupita kiasi, kwa sababu hakimsumbui yeyote. Maskini kafanikiwa, wenye wivu wameaibika, basi.

Mimi hunivuta zaidi wimbo wake wa Kijiti, ambao unasumbua mpaka leo. Unahusu tukio la kweli lililotokea Unguja. Mwanamume aitwaye Kijiti alimchukua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, mjamzito, akenda naye maguguni, akambaka na kumuua. Kisha akatorokea bara. Shauri lilipofika mbele ya mahakama ya Waingereza, adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Muuaji huru, mashahidi ndani.

Sasa angalia alichokifanya Siti. Jina la muuaji analitaja mwanzoni kabisa, kila mtu alisikie. Analaani kitendo, anamwonya Kijiti asikanyage Dar es Salaam kwa ndugu wa marehemu, halafu anamgeukia jaji na kuusema ubaya wa hukumu yake. Yaani katika wimbo mmoja wamesimamishwa mwanamume aliyeua na dola iliyomwachia. Huu ni uchambuzi wa kifeministi uliokamilika, umefanywa Ng'ambo, upande wa watu wa chini wa mji wa Zanzibar, na mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, miongo mingi kabla neno ufeministi halijaingia katika semina zetu.

Aliwezaje? Sauti peke yake haitoshi kuwa jibu. Sauti nzuri tunazo hata leo. Siti aliimba kwa sultani na katika nyumba za matajiri, lakini kiwanda chake kilikuwa nyumbani kwake mwenyewe, Ng'ambo, walikokusanyika usiku akina Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban. Habari za mji zilifika pale, zikajadiliwa, zikatungiwa. Waliokuja kusikiliza walikuwa watu ambao mahakama zile ziliwahukumu wao na jamaa zao. Hapakuwa na mfadhili wa kumwambia amwache jaji na aimbe mapenzi. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, jarida lao waliliita Sauti ya Siti, na chama hicho kikawa mstari wa mbele katika kampeni iliyozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Walilichagua jina hilo kwa busara.

Ng'ambo ya bahari kidogo, Mombasa, vikundi vya wanawake vya ngoma ya lelemama vilikuwa na vyeo, sare, mahasimu, na fedha zilizochangwa kwa jasho. Sitaki kuipaka sukari historia hiyo: nyimbo zao mara nyingi zilimvua nguo mwanamke mwenzao, zikafichua siri zake mpaka akaona haya kutoka nje. Lakini chama kilikuwa chao, na ujuzi wa kukiendesha ulikuwa wao. Katika miaka ya 1950 sehemu ya wanawake wale waliingia katika vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu na maendeleo, na mwishoni mwa muongo huo wanawake wa jamii ya Waarabu wa pwani ya Kenya walidai haki ya kupiga kura. Waliokuwa wakishindana kwa ngoma mtaani sasa walikuwa wanaiandikia serikali.

Dar es Salaam nako, mwaka 1955, TANU ilipohitaji wanawake ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Bomba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, nao wakaja na watu wao. Kwa miezi michache maelfu ya wanawake wa mjini walikuwa wameshika kadi ya chama. Wanahistoria wa siasa wakifika hapa huwa wanaharakisha, kana kwamba ngoma ilikuwa kengele tu ya kuita watu mkutanoni. Mimi naona kinyume. Mle ndani ya ngoma wanawake walikuwa wamekwisha kujifunza kuchagua kiongozi, kutunza michango, kupanga zamu, na kusema mbele ya umati. Chama kilikuta kazi imefanyika.

Baada ya uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha, jukwaa likahamia katika vikundi vya majeshi, mashirika ya umma na chama, kisha miaka ya 1980 vikachanua vikundi vya binafsi kama Muungano. Onyesho la usiku mmoja lilikuwa na kila kitu: ngoma, sarakasi, kwaya, vichekesho, maigizo, na taarabu. Wanawake walikuwa wengi jukwaani, na kwa kawaida wanaume ndio waliokuwa na funguo za stoo na daftari la mapato. Mwaka 1992 likaja TOT, kundi la Chama cha Mapinduzi, wakati ule ule mfumo wa vyama vingi ulipokuwa unaingia, na kwa ushindani wake na Muungano tukapata enzi ya mipasho. Khadija Kopa na Nasma Khamis wakawa majina ya kugawanya mitaa.

Watu wenye elimu walizidharau mipasho, wakaziita ushangingi, kelele za waswahili wasio na kazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarabu akatazama mwanamke anavyokwenda kumtunza mwimbaji kwa noti ameona uigizaji wa kiwango cha juu. Hainuki ovyo. Anausubiri ubeti wake. Ukifika, anasimama, noti ameibana kwa ncha za vidole juu ya kichwa, anapita polepole kati ya viti, na njia anayoichagua haimpeleki moja kwa moja kwa mwimbaji. Inapita mbele ya mtu fulani. Hapo shingo inageuka, bega linapanda, midomo inafuata maneno ya wimbo. Anafika mbele, anaitoa noti, anarudi kwa njia ile ile. Hajatamka neno lake hata moja. Akiulizwa kesho atasema alikuwa anamtunza msanii tu. Lakini ukumbi mzima umejua nani kaambiwa nini, na aliyeambiwa ameshaanza kutafuta noti kwenye pochi, maana jibu lazima litoke kabla wimbo haujaisha.

Hapa mtazamaji ndiye mhusika mkuu, mwimbaji ni mtunzi aliyekodiwa kwa ubeti mmoja, na khanga iliyofungwa kiunoni inaongeza maandishi yake. Wanawake waliozuiwa kupaza sauti katika vikao vya ukoo, msikitini, kanisani na barazani walijijengea uwanja wa kusema bila kushikwa ulimi. Ningekuwa na darasa la sanaa za maonyesho ningeanza hapo, kabla ya Wagiriki.

Lakini yule anayepitiwa mbele yake, yule anayegeuziwa shingo, ni nani? Karibu siku zote ni mwanamke: mke mwenza, wifi, jirani, shoga aliyegeuka. Mume hata ukumbini hayumo, na kama yumo yuko kwenye meza ya vinywaji. Kuna anayesema hiyo ndiyo tabia ya wanawake, wao kwa wao hawapendani. Maelezo hayo ni ya uvivu. Mwanamke ambaye kodi ya chumba, ada ya watoto na hata jina lake mtaani viko mikononi mwa mume, akimshambulia mume hadharani, kesho atalala wapi? Mpaka mwaka 1983 ndipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipotamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kabla ya hapo mke angeweza kupika, kufua na kulea miaka ishirini akaambiwa hakuchangia kitu, na hata baada ya hapo hukumu kuandikwa ni jambo moja, kufika Mbagala ni jingine. Mke mwenza anafikika. Mume ana gharama. Hasira ikaenda inakoweza kwenda. Biashara ya burudani ilipoona hasira hiyo inajaza kumbi, ikaipa vipaza sauti na mabasi ya kuizungusha mikoani, na miaka kumi baadaye filamu za video zikairithi pamoja na wanunuzi wake. Ile simu mezani imetokea huko.

Nisisahau kwamba wanawake wana maigizo ya kumsema mume, tena makali. Yako ndani. Katika unyago, katika ngoma za harusi za wanawake watupu, mwanamke hujifunga kikoi akaigiza mume anavyorudi amelewa, anavyojidai kitandani, anavyoomba chakula ambacho hakukiachia pesa. Wanawake wanacheka mpaka wanaangukiana. Kisha mlango unafunguliwa na yote yanabaki mle. Bi Kidude aliitoa ngoma ya unyago mpaka kwenye majukwaa ya dunia, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na mpaka alipofariki mwaka 2013 wapo waliomlaumu kwa kuyatoa ya ndani. Mimi namshukuru. Ila hata yeye alipokwishafungua, televisheni yetu haikuona humo kitu cha kuchukua.

Ilichukua kinyume chake. Katika vichekesho mwanamume huvaa gauni, akajaza matambara kifuani na matakoni, akabana sauti, akawa mke mdomo mrefu, bibi mchawi, au binti wa mjini mpenda pesa. Joti, tangu enzi za Ze Comedy, ana kipaji kikubwa, na baadhi ya wanawake anaowaigiza wana utu kamili; Mama Otis wa Flaqo huko Kenya pia si katuni tupu, ni mama tunayemjua. Sina ugomvi na mwanamume kuvaa gauni. Nina ugomvi na mizani. Mwanamke akimwigiza mume, anaigiza mtu mwenye nguvu juu yake, na anafanya hivyo akiwa amefunga mlango. Mwanamume akimwigiza mke anafanya mbele ya mamilioni, analipwa, na mwigizaji mwanamke ambaye angeweza kuipata nafasi hiyo ya kuchekesha anaambiwa wanawake hawachekeshi, aje kucheza mchumba.

Kuhusu maadili nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mjadala huo umechosha. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliifungia video ya wimbo wa Chura wa Snura kwa sababu ya viuno. Hoja za watu wazima kuhusu watoto kutazama nazielewa. Sielewi kwa nini kofi la mume kwa mke, linalopigwa katika filamu moja baada ya nyingine kama alama tu kwamba mume amekasirika, halijawahi kumwamsha yeyote usingizini.

Twende sasa kwenye tamthilia zilizoandikwa, ambako kesi ilianza kupangwa upya mapema. Penina Muhando, ambaye wengi wanamjua pia kwa jina la Penina Mlama, alitoa Hatia mwaka 1972. Kisa ni cha msichana aliyebeba mimba nje ya ndoa, na tamthilia inataka tuulizane hatia hiyo ni ya nani. Miaka kumi baadaye, 1982, ikaja Nguzo Mama. Katika kijiji cha Patata wanawake wanataka kuisimamisha nguzo yao. Majina yao ni Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, kuendelea mpaka Bi Nane, na Bi Msimulizi anatupitisha. Nguzo ni nzito. Wanaishika, wanaiachia, wanagombana, na mwisho haisimami.

Tamthilia hii imewahi kusomwa kama lawama: kumbe hata Muhando anakiri kwamba wanawake ni adui wa wanawake. Usomaji huo haujanishawishi kamwe. Mwandishi hatuonyeshi wanawake wanaoachia nguzo kwa sababu ya roho mbaya; anatuonyesha kila mmoja anavutwa na nini. Kuna ulevi wa waume, kuna ndugu wa marehemu wanaoingia kuchukua mali kabla kaburi halijakauka, kuna mke anayehitaji ruhusa hata ya kutoka. Namba zile wanazoitwa zinafanya kazi yake: hawa ni wanawake waliopangwa foleni, si waliopewa majina. Niliwahi kudhani ni ubaridi wa mwandishi. Sasa naona ni hasira. Huko Kenya mwaka 1976, katika tamthilia ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ambayo Mĩcere Gĩthae Mũgo aliiandika pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, mhusika mwenye akili na ujasiri kuliko wengi anaitwa Mwanamke tu. Huyo naye hana jina, lakini ndiye mpangaji wa mbinu za kumwokoa Kimathi. Hao ni waandishi wawili wanawake wa kizazi kimoja. Mmoja alionyesha vinavyowatawanya wanawake, mwingine alionyesha wanachoweza wakikusudia, na wala hakuna aliyemweka mwanamke mwingine kizimbani.

Tatizo la Nguzo Mama ni kwamba imebaki kwenye silabasi na kwenye kumbi za vyuo. Wasomaji wake wengi waliikutia darasani, wakaulizwa dhamira na wahusika, wakajibu, wakasahau. Wanawake wa Patata halisi hawakuingia ukumbini.

Nafasi hiyo ikazibwa na igizo la mradi. Kila aliyehudhuria uzinduzi wa kampeni wilayani analijua. Turubai, viti vya plastiki, mgeni rasmi. Mume mlevi anampiga mke, jirani anasikia, anakuja mtu mwenye fulana ya shirika, anasoma vifungu vya sheria, mume anaduwaa, anapiga magoti, anaahidi. Makofi. Hapa walau mume ameletwa mbele, na sitaki kuwadharau vijana wanaoigiza kwa posho ndogo chini ya jua. Lakini kesi imefutwa dakika tatu baada ya kufunguliwa. Mke hakufanya uamuzi wowote, aliokolewa. Mume hakuulizwa kitu kigumu, alielimishwa. Mwenye kauli ya mwisho ni fulana, kwa kuwa fulana ndiyo iliyolipia turubai. Mada nayo inakuja imefungwa tayari kutoka kwenye andiko la mradi: mwaka huu ukeketaji, mwakani hedhi salama, mwaka wa tatu ruzuku imekwisha na kikundi kimesambaa.

Ninajua njia iliyo bora kuliko hiyo, na ni ya hapa hapa. Mwaka 1996 Mlama na Amandina Lihamba, wakiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Hawakuwapelekea wasichana igizo lililokwishaandikwa. Waliwakusanya, wakawauliza kinachowazuia kusoma, wakawaacha wakitaje, wakichambue, wakitafutie sababu, kisha wakitengenezee igizo wao wenyewe kwa ngoma, nyimbo na mazungumzo, na kulionyesha mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao. Baada ya onyesho kulikuwa na majadiliano, na klabu ya Tuseme ilibaki shuleni kufuatilia. FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana Afrika, ambalo Mlama alikuja kuliongoza, liliuchukua mtindo huo na kuusambaza katika nchi kadhaa za Afrika.

Fikiria maana ya jambo hilo kwa binti wa kidato cha pili. Mwalimu anayewataka wasichana kimapenzi, kila mtu shuleni anamjua, hakuna anayesema. Ukienda ofisini peke yako kulalamika utaitwa mwongo na muhuni. Jukwaani mko thelathini, mhusika hana jina la mtu, lakini ana mwendo wake, ana miwani yake, ana usemi wake. Ukumbi unajua. Ni mbinu ile ile ya kutunza, na hapa shingo imegeuzwa upande mwingine: aliyelengwa ni mwenye mamlaka. Na mkuu wa shule, aliyekaa mstari wa mbele, analazimika kuinuka na kusema neno mbele ya wazazi.

Nchi ilichelewa mno kuwafuata wasichana hao. Miaka zaidi ya arobaini baada ya Hatia, mwezi Juni 2017, Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana atakayepata mimba hatarudi shule katika utawala wake. Msichana peke yake ndiye aliyeondoka darasani. Ilikuwa Novemba 2021 ndipo serikali ya Rais Samia ilipotangaza kuwaruhusu kurejea. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna mabinti waliokwishapoteza ujana wao, na sinema yetu, iliyokuwa inatoa filamu kila wiki, ilikuwa na nafasi nzuri ya kuwasema. Ilitupa wasichana wa chuo wanaochuna mabuzi.

Mambo yanasogea, nakubali. Zanzibar kuna Tausi, kundi la taarabu la wanawake lililoasisiwa na Bi Maryam Hamdani, ambalo ndani yake wanawake wameshika fidla na ala nyingine ambazo kwa miongo mingi zilikuwa za wanaume huku mwanamke akiachiwa maikrofoni tu. Nalitilia uzito jambo hilo kuliko linavyopewa, kwa sababu mwenye ala ndiye mwenye mazoezi, na mwenye mazoezi ndiye anayesema tuimbe nini. Filamu ya Binti ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Seko Shamte na kutengenezwa na kampuni ya wanawake, ilifuata wanawake wanne wa Dar es Salaam, na kipigo cha mwanamume humo hakikuwa kiungo cha kukoleza hadithi. Kilikuwa hadithi yenyewe ya mmoja wao. Mwanamke kumiliki kampuni hakumfanyi awe mfeministi moja kwa moja, wapo wanaouza kisa cha saluni kama wengine wote, kwa kuwa kinauzika. Tofauti ni kwamba akitaka kukataa, anaweza. Mwigizaji aliyeitwa kwa simu usiku, akapewa nguo na mistari asubuhi, hawezi.

Ndiyo maana mjadala wa wasanii wa kike usiishie kwenye urefu wa sketi zao. Tanzania ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Wizara itangaze kila mwaka, kwa hesabu za wazi, mikopo mingapi ilikwenda kwa wanawake wenye kampuni za kutengeneza filamu, waandishi wa miswada, waongozaji na wenye vikundi vya taarabu na maigizo, na ni kiasi gani, ikitenganishwa na ile ya waigizaji na waimbaji wanaofanyia kazi majukwaa ya wengine. Vituo vya televisheni vinavyonunua tamthilia navyo vitaje miswada mingapi waliyoilipia mwaka huu imeandikwa na wanawake. Hesabu hizo hazihitaji mtafiti kutoka nje. Ziko kwenye mafaili yao.